Uvimbe Kwanza au Chanjo Kwanza

Mtaani kwetu Tunduma hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wakubwa kwa wadogo, mgambo wa sokoni, hata mchungaji wake alipotoa matangazo ya Jumapili, wote walisema Mama Chanjo, naye aliitika kama mtu aliyebatizwa hivyo. Alikuwa muuguzi mstaafu. Nyumba yake ilitazamana na banda langu la kutengeneza simu, na kwa miaka kadhaa nilimwona kila asubuhi akitoka na kigoda chake, akikaa pale jua linapopiga mwanzo, akinitazama nikifungua kufuli kana kwamba mimi ndiye redio yake.

Nataka kumwandika vizuri, na hapo ndipo ninapokwama. Nimeanza kurasa hizi nikafuta, nikaanza, nikafuta. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Simu ya mteja nikishaifunga huifungua tena kuhakikisha sijaacha kitu ndani. Ufundi nimejifunza mwenyewe kwa kutazama video, Kiingereza nimejifunza mwenyewe kwa kamusi iliyong'oka jalada, na aliyejifunza mwenyewe hana wa kumwambia basi, imetosha. Kwa hiyo nitaandika yale tu yaliyonikaa kichwani, na yakija bila mpangilio, yaje hivyo hivyo.

Cha kwanza ni namna alivyozungumza na vitu. Kwake kila kitu kilikuwa mgonjwa. Siku aliyoniletea simu yake mara ya kwanza alikuwa ameifunga kwa bandeji ya gozi, nadhifu, kama kidole kilichokatika.

"Amezimia tangu jana," alisema. "Pumzi ipo, maana akichomekwa anawaka taa. Lakini hafumbui macho."

"Ni kioo, Mama. Nitambadilishia."

"Utamfanyia operesheni hapa hapa, mbele za watu?"

Alikaa kwenye benchi langu mpaka nilipomaliza. Jioni alipita kuniuliza, "Na wewe daktari, umekula?" Tangu siku hiyo niliacha kuwa fundi kwake, nikawa daktari wa simu, na benchi langu likawa lake.

Alikuwa na kuku wengi kuliko nafasi ya uwanja. Aliwachanja mwenyewe dhidi ya kideri, ule ugonjwa unaofagia kuku, tone moja kwenye jicho la kila kuku, na baada ya kuku wake aliwafuata wa majirani. Alitembea mtaa mzima na kichupa chake ndani ya chupa ya chai yenye maji ya baridi, akipiga hodi nyumba hadi nyumba. Watu walimcheka, lakini walifungua milango. Msimu mmoja jirani yetu muuza mitumba alikataa, akasema kuku wake ni wa kienyeji, wana damu ngumu. Baada ya wiki chache alimjia mbio. Kuku wake walikuwa wamesimama wameinamisha vichwa, mabawa yamelegea.

"Mama Chanjo, wawekee na hawa matone basi."

"Hawa wameshaugua, baba."

"Tone moja tu! Utapungukiwa nini?"

"Mimi sipungukiwi. Ni wewe utakayekwenda kulala ukidhani umewatibu. Chanjo inaufundisha mwili kabla ya vita. Hawa vita imeshawakuta. Watenge wazima, hao ndio nitawawekea."

Muuza mitumba aliondoka akinung'unika kwamba mama huyu ana roho mbaya. Kesho yake alikuja kuomba radhi, na aliambatana na wale kuku wazima kwenye tenga.

Ukali wake ulikuwa wa namna hiyo, ukali wa kutokubali kumpa mtu kitu kisicho na kazi. Aliwahi kunisimulia habari za Ibaba, kule Ileje juu, alikopangiwa kazi akiwa msichana. Watu wengi hudhani chanjo huharibiwa na joto. Ibaba asubuhi baridi inauma masikio, na huko alijifunza kwamba baridi nayo inaua. Siku moja mhudumu wa zahanati, kwa nia njema kabisa, alipanga vichupa vya chanjo ya pepopunda na kifaduro vikigusana na barafu iliyotoka moja kwa moja kwenye friza, ili visipate joto njiani. Walipofika kijijini, Mama Chanjo alichukua kichupa, akakitikisa, akakisimamisha mezani. Dawa ilituama upesi chini kama unga, juu yakabaki maji matupu. Ilikuwa imeganda njiani. Imekufa.

Mama wengi walikuwa wamekwisha kupanga foleni, watoto migongoni, wamepanda vilima tangu alfajiri.

"Nikawaambia hakuna chanjo leo," alisema. "Wee! Mmoja akaniambia, sista, choma hiyo hiyo, mwili wa mtoto utaipasha moto. Nikamwambia, mama, nikimchoma hii nimemtoboa mtoto bure, na wewe utakaa ukijua amekingwa. Akanitukana kwa Kindali. Alidhani sisikii."

"Ulisikia?"

"Matusi ndiyo ya kwanza kujifunza ukihamia mahali."

"Na ulipowarudia na chanjo nzima walikuja?"

"Walikuja. Yule wa matusi alikuwa wa kwanza kwenye foleni."

Alipohamishiwa Tunduma, kliniki yake ilijaa mama kutoka Nakonde, upande wa Zambia, waliovuka mpaka na watoto wao. Aliwasalimu kwa Kibemba, "Mulishani, bamayo," kwa lafudhi nzito ya Kinyiha, nao walikufa kwa kicheko, na mtoto akiona mama yake anacheka hakuiogopa sindano. Mwenzake mmoja alimuuliza kwa nini wanamaliza dozi kwa watoto wa nchi nyingine. "Mtoto akipiga chafya Nakonde," alimjibu, "wewe hapa unajifuta uso. Lete mwingine."

Sasa nisimfanye malaika, maana angekasirika. Mama Chanjo, aliyechoma maelfu ya mapaja, aliogopa sindano kuliko mtoto yeyote. Akitolewa damu aligeuza uso ukutani na kuimba pambio kwa sauti, na wauguzi vijana walimheshimu tu, hawakumcheka mbele yake. Aliwakaripia mama wanaochelewa kliniki, na yeye mwenyewe kanisani aliingia mahubiri yakiwa katikati. Alihubiri kila mahali kwamba uvimbe usiouma ndio wa kuogopwa. Na uvimbe wake, kwenye ziwa la kushoto, aliuficha chini ya kanga kwa muda mrefu ambao hakuwahi kunitajia.

Nilijua kwa sababu ya simu. Kati ya wateja wangu wote yeye peke yake ndiye aliyetaka kuyajua ninayoandika. Nina tabia ya kuchukua makala za sayansi zilizoandikwa kwa Kiingereza na kuziweka kwa Kiswahili, kwa ajili yangu mwenyewe, maana kitu nisichoweza kukisema kwa lugha yangu nahisi sijakielewa. Mchana wateja wakipungua nilimsomea. Alikuwa msikilizaji mgumu. Nikisema kitu kwa kuzungukazunguka alipiga benchi na kiganja: "Sema wazi, binti. Unaogopa nini?"

Mchana mmoja alinipa simu yake, akanionyesha video fupi aliyotumiwa kwenye kundi la kwaya. Ilisema wanasayansi wamepata chanjo ya seli za kinga inayozuia uvimbe wa saratani usikue.

"Nitafutie habari yote," alisema. "Isiwe ya kwaya. Tafuta waliyoandika wenyewe."

"Ya nini, Mama?"

Alitazama barabarani, malori yalikokuwa yamepanga foleni kuelekea mpakani. Kisha akaniambia, kwa sauti ile ile ya kuagiza kitunguu, kwamba hospitali kubwa ya Mbeya walimtoa kipande cha nyama wakakipima, kwamba ni saratani, na kwamba tarehe ya operesheni aliyopewa ilikuwa imepita.

"Imepita? Hukwenda?"

"Kahawa ya dada yangu ilikuwa imeiva Nanyala. Nani angechuma?"

Wote wawili tulijua dada yake alikuwa na vibarua shambani. Alikuwa amepewa tarehe nyingine, wiki chache mbele, na nilimwona wazi akiitafutia hiyo nayo sababu.

"Mimi maisha yangu yote nimeamini chanjo," aliniambia. "Kama ipo ya hili, nikatwe ya nini? Nitasubiri."

Siku zile nilisoma kuliko nilivyowahi kusoma. Jambo lenyewe, nilipolielewa, lilinishangaza kwa uzuri wake. Mwilini mna seli za kinga zenye matawi, zinazozunguka kama walinzi. Zikikuta adui huchukua kipande chake na kukipeleka kwenye tezi, zile zinazovimba kwapani na kinenani ambazo watu huziita mitoki, na huko hukionyesha kwa seli zinazopigana ili zimtambue. Watafiti huzitoa seli hizi kwenye damu, huzionyesha vipande vya uvimbe maabara, kisha huzirudisha mwilini zikiwa zimekwisha kumjua adui. Hiyo ndiyo chanjo.

Nilipomweleza hadi hapo, Mama Chanjo alifurahi kama mtoto.

"Kumbe ni kama mama ntilie aliyemwona mwizi! Hawezi kumkamata, lakini ameokota ndala yake. Anaipeleka kituoni, anawaambia, mwenye ndala hii ndiye."

"Ndiyo, Mama, hivyo hivyo."

"Lakini mbona askari hawakumwona tangu mwanzo?"

"Kwa sababu uvimbe umetokana na mwili wenyewe."

Alitikisa kichwa polepole. "Mwizi ni mtoto wa humo humo ndani. Mbwa atambwekea nani?"

Sehemu iliyobaki ndiyo iliyoninyima usingizi. Katika maandiko ya namna hii kuna panya waliopewa chanjo kwanza, kisha wakapandikizwa uvimbe, na kwa wengi wao uvimbe ulishindwa kukua. Na kuna panya waliokuwa na uvimbe tayari ndipo wakachanjwa. Kwa hao habari ilikuwa nyingine. Niliandika aya hiyo, nikailainisha, nikaona nimedanganya, nikaikaza, nikaona nimemhukumu mtu.

Kabla sijamsomea, mwanawe alinipigia. Ni dereva wa lori, wakati huo alikuwa njiani Zambia akielekea Kongo, na mtandao ulikatikakatika.

"Dada fundi, nasikia unamsomea mama mambo ya hiyo chanjo."

"Ndiyo, kaka."

"Msomee mazuri tu. Mama ameanza kula vizuri tangu aisikie. Usimvunje moyo, tafadhali. Mimi niko mbali."

"Lakini anasema atasubiri. Operesheni je?"

"Mimi sijui, dada. Wewe ndiye uliyesoma."

Sijasoma. Nilitaka kumwambia hivyo, kwamba mimi nina cheti cha kidato cha nne na kamusi isiyo na jalada, kwamba huenda nimeelewa vibaya, kwamba mzigo huu si wa fundi simu. Lakini alikuwa ameshakata.

Alasiri yake Mama Chanjo alikuja na kigoda chake, ingawa benchi lilikuwepo. Nilianza kusoma. Nilisoma juu ya seli zenye matawi, nikarudia aliyokwisha kuyasikia, nikaingiza maneno mengi. Nilipofika kwa panya nilisema, "Na panya waliochanjwa, kwa wengi wao, uvimbe haukukua." Nikanyamaza hapo. Nikashika bisibisi.

Alinitazama. Alikuwa na macho ya mtu aliyezoea kutazama kichupa mezani.

"Hao panya," alisema. "Uvimbe kwanza au chanjo kwanza?"

Mteja alikuja kuulizia chaja. Nilimwambia asubiri.

"Chanjo kwanza, Mama."

"Na wenye uvimbe tayari?"

"Baadhi yao ulipungua kasi. Haukuisha. Na ukiwa mkubwa, chanjo haikufua dafu. Uvimbe wenyewe unazipumbaza zile seli."

"Endelea."

"Kwa watu bado wanajaribu. Siyo kitu cha kwenda kukinunua. Na katika majaribio mengine huwa wanautoa uvimbe kwanza, kwa operesheni, ndipo wanachanja, ili usirudi."

"Kwa hiyo hata hiyo chanjo inataka nyumba ifagiliwe kwanza."

"Ndiyo."

Aliinuka, akakunja kanga yake upya kiunoni. Nilijiandaa kulaumiwa. Nilijiandaa hata kulia.

"Mbona ulitaka kunichoma maji?" aliuliza.

Nilisema niliogopa.

"Unaogopa nini, kwani uvimbe ni wako?" Halafu akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha, akamgeukia yule mteja wa chaja. "Baba, ingia uhudumiwe. Huyu daktari wangu amemaliza na mimi."

Tarehe ilipofika alikwenda Mbeya. Mwanawe aliwahi kurudi akampeleka. Niliambiwa kwamba walipomtafuta mshipa aligeukia ukutani akaimba beti zote za pambio lake, na mgonjwa wa kitanda cha pili akamwitikia. Baada ya hapo hakurudi Tunduma. Dada yake alimchukua Nanyala apumzike huko, kuku wakagawiwa, nyumba ikapangishwa kwa wakala wa forodha anayeamka kwa makelele. Mahali alipokuwa akiweka kigoda pakaegeshwa pikipiki.

Nilichelewa kwenda kumtazama. Kila wiki nilijiambia nitakwenda nikiwa na jambo zuri la kumsomea, na kila wiki jambo lenyewe halikukamilika. Mwishowe nilikwenda mikono mitupu, mvua za kwanza zikiwa zimeanza.

Nyumba ya dada yake iko nyuma kidogo ya barabara kuu, unasikia malori yanavyobadilisha gia kwenye mwinuko. Nilimkuta barazani akichambua maharage. Alikuwa amekonda, amevaa kofia ya sufu, na alipoivua ili anionyeshe, nywele zilikuwa zimeanza kurudi laini kama manyoya ya kifaranga.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekuja na njaa au na makala?"

"Na njaa."

"Heri."

Tulikula ugali na maharage ya siku hiyo. Alinieleza mambo yake kwa utaratibu, kama anayekabidhi zamu. Ziwa limetolewa lote. Pembeni ya nyama waliyoitoa pamekutwa safi, ila mitoki ya kwapani ilikuwa imekwisha kuguswa, ndiyo sababu ya zile dripu za dawa ya saratani zilizomnyoa nywele. Dripu zimekwisha. Mkono wa kushoto hauinuki vizuri bado. Sasa atakuwa anakwenda kuangaliwa.

"Wamesema umepona?"

"Wamesema nije waniangalie. Daktari mzuri hasemi zaidi ya anachokijua." Alitupa jiwe alilolikuta kwenye maharage. "Ningesubiri kahawa imalizike, wangenikuta na mengine. Hilo walisema. Na wale panya wako?"

"Wanaendelea, Mama. Na majaribio kwa watu yanazidi, nchi mbalimbali. Bado."

"Waendelee. Ikija huku nitapanga foleni, hata kwa mkongojo."

Nilidhani mazungumzo yamekwisha. Nilianza kukusanya vyombo. Akaniuliza, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo:

"Na wewe umejikagua lini?"

"Kujikagua nini?"

"Usinizungushe. Binti anayejua habari za panya wa Ulaya, ya kifuani mwake hajui?"

Nilisema mimi bado mdogo. Nilisema kazi ni nyingi. Nilisikia sauti yangu inavyotafuta sababu, na hakuna hata moja iliyofika mbali. Mwishowe nikamwambia ukweli, kwamba sijawahi hata siku moja, kwa sababu naogopa kukuta kitu.

"Hata mimi niliogopa kukuta," alisema Mama Chanjo. "Nikakuta vilevile."

Aliweka ungo chini, akainuka kwa kujishika kwenye nguzo, akaingia chumbani na kuniacha mlango wazi. Nilimfuata. Chumba kilinukia mafuta ya mgando na nguo zilizoanikwa ndani kwa sababu ya mvua. Aliniambia nilale chali na mkono wa kulia niuweke chini ya kichwa. Akanawa kwa maji ya ndoo, akafuta, akaanza kwa mkono wake mmoja ulio mzima, ncha za vidole zikienda kwa miduara midogo, kutoka nje kuingia ndani, kisha juu hadi kwapani. Vidole vilikuwa vya baridi. Nilimtazama usoni, nikitafuta dalili yoyote kabla hajaisema, na sikuona kitu isipokuwa mtu aliye kazini.

"Hakuna," alisema. "Leo hakuna."

Nilitoa pumzi, nikataka kuinuka. Alinizuia kwa kiganja begani, akavuta kigoda na kukaa karibu na kitanda, mkono wake wa kushoto akiwa ameupakata mapajani.

"Upande huu mwingine ufanye mwenyewe. Polepole. Mimi nipo hapa."

Nikauinua mkono wa pili, nikaanza.